Diski zinapotea kila usiku wa kuamkia Jumapili: ninunue kadi gani?

SWALI: Shikamoo mzee. Nina studio ya picha na video hapa Ujiji. Kazi za harusi, kipaimara na mahafali nazihifadhi kwenye seva niliyoitengeneza kwa kompyuta ya mezani iliyotumika, nimeiwekea TrueNAS ya Linux, ule mfumo wa kuendesha seva za kuhifadhi data, na mfumo wenyewe unawaka kutoka kwenye SSD ndogo ya USB. Mazabodi ina poti nne za SATA na zote zilishajaa, diski nne za terabaiti 4. Nikaongeza diski nyingine nne mpya, nikazifunga kwenye kadi ya SATA ya poti kumi niliyoagiza Kariakoo. Imekaa kwenye ile sloti fupi. Sloti ndefu iko wazi. Puli mpya, yaani kundi la hizo diski nne, ni RAIDZ1. Ilikwenda vizuri mwezi mzima, halafu usiku mmoja wa kuamkia Jumapili diski mbili zikapotea na puli ikasimama. Nikazima, nikawasha, zikarudi. Wiki tano baadaye, tena usiku wa kuamkia Jumapili, yakawa yaleyale, safari hii diski tatu. Katikati hapo ilinitokea mara moja mchana nikiwa nahamisha folda za mwaka jana kutoka puli ya zamani kwenda mpya. Puli ya zamani haijawahi kusumbua. Fundi wa hapa anasema diski ni mbovu, au ni umeme. Muuzaji anataka ninunue kadi ya RAID yenye betri, iliyotolewa kwenye seva kubwa. Mama anasema chumba kile kina jambo lake. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba. Katika wote uliowataja, aliye karibu zaidi na ukweli ni mama. Kweli kuna kitu kinaamka humo chumbani usiku wa kuamkia Jumapili, ila hakihitaji mganga. Unapotengeneza puli, TrueNAS huipangia yenyewe ukaguzi: kila Jumapili saa sita usiku hutazama kama zimepita siku 35 tangu ukaguzi wa mwisho, na zikiwa zimepita, huanza kazi. ZFS, ambao ndio mfumo wa kutunza diski ndani ya TrueNAS, husoma kila kipande cha data kilichoandikwa kwenye diski zote za puli na kukilinganisha na alama yake ya uhakiki. Diski nne zinasomwa kwa mpigo, kwa nguvu zote, kwa saa nyingi. Hapo ndipo unapopata wiki zako tano.

Mchana studio yako haizisumbui diski hivyo. Unamwaga kazi kupitia mtandao, na mtandao wa gigabiti moja haupitishi zaidi ya megabaiti 110 au 120 kwa sekunde. Hizo ukizigawa kwa diski nne, kila moja inapata kazi ya kitoto. Siku uliyohamisha kutoka puli moja kwenda nyingine ndani ya mashine ileile, mtandao haukuwepo katikati kupunguza kasi, na kadi ikapata mzigo unaofanana na wa usiku. Ikaanguka. Jumla umeipa kadi yako mitihani mitatu na imefeli yote mitatu.

Kwa hiyo kwa ufupi: diski usizitupe, kadi ya RAID usinunue, na hiyo ya poti kumi itoe. Kabla ya hayo yote, kazi ambazo wateja hawajachukua nakili leo kwenye diski ya nje, hata kama ni kwa foleni, folda moja moja. RAIDZ1 inavumilia diski moja kutoweka. Wewe zimeshakutoka tatu kwa mpigo ukabahatika zikarudi zikiwa nzima, na bahati ya namna hiyo sipendi kuipangia ratiba.

Sasa tuifungue kadi. Sijaiona, lakini kadi ya poti kumi inayoingia sloti fupi, ya x1, yaani yenye njia moja tu ya data, kwa kawaida hujengwa hivi. Kuna chipu moja ya ASMedia, ASM1062, yenye njia mbili tu za SATA. Kila njia inapelekwa kwenye chipu ya pili, JMB575 ya JMicron, ambayo kazi yake ni kuigawa njia moja iwe tano. Mbili mara tano, kumi. Waliochapa boksi hawakusema uongo, poti ni kumi kweli. Ni kama kujenga majukwaa kumi pale stesheni ya Kigoma huku reli inayotoka mjini ni ileile moja.

Hesabu yake si ngumu. PCIe, yaani hizo sloti za kadi kwenye mazabodi, ya kizazi cha pili hupitisha megabaiti 500 kwa sekunde kwa kila njia, na hizo ni za kwenye karatasi. Kwa vitendo toa sehemu. Diski ya kisasa ya inchi tatu na nusu husoma megabaiti 150 hadi 200 kwa sekunde kwenye sehemu yake ya nje. Nne zikisoma pamoja tayari zimeshazidi njia. Na kama ulizichomeka kwenye poti nne zilizofuatana, kama afanyavyo kila mtu, huenda zote nne ziko nyuma ya mgawanyo mmoja, na nusu ya pili ya kadi imelala.

Ufinyu peke yake si ugonjwa. Ungechelewa tu, ukaguzi wa kuchukua muda wa saa sita ungechukua muda wa saa kumi. Ugonjwa uko kwenye ule mgawanyo. Diski moja ikichelewa kujibu, mfumo hujaribu kuizindua kwa kuianzisha upya njia yake, na njia hiyo ni ya diski tano. Kwa hiyo kosa la mmoja linawatikisa majirani wote, amri zao zilizokuwa njiani zinapotea, nao wanaanza kuchelewa, njia inaanzishwa upya tena, mpaka mfumo unachoka na kuwafuta wawili au watatu kwenye orodha. Diski zilizochakaa hazifi hivyo. Haziondoki mbili mbili usiku mmoja zikafufuka pamoja asubuhi.

Hili usilipokee kwa kuniamini. Siku likitokea tena, usikimbilie kuzima. Fungua sehemu ya kuandikia amri, andika dmesg, soma mistari ya mwisho. Utaona maneno kama "hard resetting link" na "failed command: READ FPDMA QUEUED", na mbele yake jina la njia. Hilo jina ndilo shahidi. Diski iliyo kwenye poti yake halisi huitwa kwa mfano ata3.00, na nyingine ata4.00; namba ya kwanza inabadilika. Zilizo nyuma ya mgawanyo huitwa ata7.00, ata7.01, ata7.02, ata7.03, na chipu inayogawa yenyewe hujitaja kama ata7.15. Ukiona namba 15 hapo, huna haja ya kuuliza mtu mwingine. Amri ya lspci -nn nayo itakuonyesha kadi kwa namba zake. 1b21:0612 ni ile ASM1062 ya njia mbili.

Mimi hata hivyo sikubali mtu abadilishe kadi kabla hajazihoji diski, maana fundi wako naye si mjinga. Amri ni smartctl -a ikifuatwa na jina la diski. Mistari minne inatosha. Wa 5 na wa 197 unaeleza sehemu za diski zilizoharibika na zinazoshukiwa, na wa 198 unafanana nao. Hiyo ikiwa sifuri kwenye diski zote nne, diski ni nzima na fundi amekosea. Wa 199 ni mwingine kabisa: unahesabu mara ambazo data iliharibika njiani kati ya diski na kadi. Ukiwa mkubwa, tatizo ni waya, kichwa cha waya, au poti, na diski yenyewe haina kosa. Jambo moja linawachanganya wengi: hesabu ya 199 hairudi nyuma maisha yote ya diski. Ukikuta 340, huenda ni za mwaka jana. Iandike kwenye karatasi, fanyisha diski kazi nzito, kisha isome upya. Ikiwa bado 340, waya wako leo ni mzima.

Ikipanda kwenye diski moja tu, badilishana: waya wa diski hiyo mpe jirani, poti iache ilivyo. Tatizo likihamia kwa jirani, ni la waya. Likibaki, rudisha waya, hamisha poti. Kitu kimoja kwa wakati mmoja. Najua inachosha, na ukiwa na mteja mlangoni inachosha mara mbili, lakini mtu anayebadilisha waya, poti na kadi kwa pamoja akapona hajui kilichomponya, na mwezi ujao ataufunga tena waya ule mbovu mahali pengine.

Kuhusu umeme nina la kukiri. Miaka kadhaa nyuma ofisi moja hapa Tabora iliniita, seva ya diski sita, diski mbili zinapotea. Nikabadilisha kadi. Zikapotea. Nikabadilisha kadi mara ya pili, kwa pesa yangu maana nilishaona aibu, nikaagiza nzuri zaidi. Zikapotea. Siku ya tatu niliingiza mkono ndani nikashika waya wa umeme kwa bahati mbaya, nikautoa haraka: kichwa chake kilikuwa cha moto, plastiki imeanza kuwa ya kahawia. Mtu alikuwa amechukua kichwa kimoja cha umeme wa SATA akakigawa kwa diski nne. Kichwa cha SATA kina pini tatu za volti 12, kila moja imekadiriwa ampea 1.5, jumla 4.5. Diski ya inchi tatu na nusu inapoanza kuzunguka hunywa karibu ampea 2 za volti 12 kwa sekunde chache. Nne ni ampea 8. Kichwa kilikuwa kinabeba karibu mara mbili ya uwezo wake kila mashine inapowashwa, kikachakaa taratibu. Kadi zangu mbili nzuri sikurudishiwa.

Kwa hiyo chungulia ulivyowagawia umeme. Kugawa kutoka kwenye kichwa cha Molex, kile cha zamani chenye pini nne nene, ni salama zaidi, mradi vichwa vya SATA vya huo waya si vile vilivyomiminwa plastiki kama donge moja. Vile vinajulikana kwa kuungua. Chagua vile ambavyo nyaya zinaonekana zikibanwa mgongoni, mmoja mmoja. Halafu soma kibandiko cha pawasaplai. Kompyuta nyingi za ofisini huja na ya wati 240 au 300, iliyopigiwa hesabu ya diski moja na sidii. Diski nane zikianza kuzunguka pamoja zinataka karibu wati 190 za volti 12 peke yake, kabla prosesa haijapata chake.

Ila kwako siishuku pawasaplai kuwa mkosaji wa kwanza, na sababu ni saa ya tukio. Umeme dhaifu huangusha diski wakati wa kuwaka. Zako zinaanguka katikati ya ukaguzi, zikiwa zimeshazunguka muda mrefu, na wakati huo kila moja inakula wati chache tu. Tena puli ya zamani iko kwenye pawasaplai hiyohiyo nayo haijawahi kutikisika. Kuna hali moja ya kuirudisha mashakani: kama uliziwekea diski usingizi ili kuokoa umeme, saa sita usiku ukaguzi unaziamsha zote kwa pamoja, na hapo kuna ule mshtuko wa ampea. Ondoa usingizi huo. Kwa seva ya kazi hauna faida ya kutosha.

Kuhusu umeme wa ukutani, tia UPS, basi. Sitapoteza maneno, anayeishi Kigoma anajua.

Turudi kwa muuzaji na kadi yake ya betri. Kadi ya RAID ilitengenezwa kwa mfumo usiojua kutunza diski: yenyewe inazikusanya, inazipanga, kisha inaionyesha kompyuta diski moja kubwa ya kubuni. ZFS inataka kinyume chake. Inataka kuziona diski zenyewe, kila moja na namba yake, joto lake na makosa yake, kwa sababu kazi ya kupanga na kuponya inaifanya yenyewe. Unachohitaji katikati ni tarishi anayepeleka barua bila kuifungua. Kadi ya RAID ni tarishi anayefungua, anasoma, anaandika upya kwa mwandiko wake, kisha anakwambia amefikisha.

Muuzaji atakujibu kwamba unaweza kutengeneza RAID 0 ya diski moja mara nne, na kila moja itaonekana. Itaonekana, lakini bado ni ya kubuni. Kadi inaandika alama zake mwenyewe kwenye diski, smartctl haifiki kwenye diski bila kuzungushwa njia ya pembeni, na betri ikichoka, na kwenye kadi iliyotumika mara nyingi imeshachoka, kasi ya kuandika inashuka. Ubaya mkubwa utaujua siku kadi itakapokufa. Diski zilizo kwenye kadi tarishi unazichomoa, unazichomeka kwenye mashine yoyote yenye poti za SATA, ZFS inazitambua kwa alama zilizoandikwa ndani ya diski zenyewe, hata ukivuruga mpangilio. Zilizo chini ya kadi ya RAID zinataka kadi ya ukoo uleule. Utaitafuta Mwanga sokoni, hapo Kigoma? Utasubiri itoke Dar, kama ipo, na bwana harusi anapiga simu.

Sasa ununue nini. Kwa hali yako, diski nne kwenye kadi na sloti ndefu wazi, ningechukua kadi ya SATA yenye chipu ya ASM1166. Ina poti sita halisi, na inatumia njia mbili za PCIe ya kizazi cha tatu, karibu megabaiti 1,970 kwa sekunde. Hata kama sloti yako ni ya kizazi cha pili, megabaiti 1,000 zinazosalia zinawatosha diski nne bila kugombana. Mwenzake ni JMB585, poti tano, njia mbili vilevile. Hiyo JMB isikutishe kwa kufanana jina na JMB575. Moja ni kadi yenyewe, nyingine ni mgawanyaji. Linux inazifahamu zote mbili bila draiva ya ziada, kwa kuwa zinaongea lugha ileile ya AHCI ya poti za mazabodi.

Kadi hizi mara nyingi zina kiunganishi cha ukubwa wa x4, kwa hiyo ile sloti fupi hazitaingia. Ndiyo maana nafurahi ndefu yako iko wazi. Kadi fupi kwenye sloti ndefu inakaa bila shida. Kuna kompyuta chache za ofisini ambazo BIOS yake haipendi kuona kitu kisicho cha picha kwenye sloti hiyo, basi mwombe muuzaji ruhusa ya kurudisha. Na kama ungekuwa umebakiwa na sloti fupi tu, ningekwambia ASM1064, poti nne halisi kwa njia moja: ingebanwa kwa kasi, lakini isingedondosha diski.

Mtego uko kwenye kuagiza. Ukiomba "kadi ya ASM1166" unaweza kuletewa ya poti kumi au kumi na sita ambayo ndani ina hiyo ASM1166 kweli, pamoja na JMB575 kadhaa zimepangwa nyuma yake. Umerudi ulikotoka kwa bei kubwa zaidi. Kanuni yangu ni ya kuhesabu kwa vidole: kadi ya SATA yenye poti zaidi ya sita, ishuku. Mwombe muuzaji picha ya kadi yenyewe, pande zote mbili, si ya kwenye tangazo, na uhesabu chipu kubwa. Moja chini ya hitisinki, lile bati la kupozea, vizuri. Tatu, mwachie. Ikifika, lspci -nn inatakiwa iseme 1b21:1166, au 197b:0585 kwa JMB585.

Ukiwauliza mafundi wengine watakutajia LSI, na hawakosei. Hizo ni kadi za SAS, muunganisho wa diski za seva kubwa, na diski za SATA zinakubalika kwenye kadi ya SAS ingawa diski ya SAS haikubaliki kwenye poti ya SATA. LSI ilinunuliwa na Avago mwaka 2014, na Avago ikachukua jina la Broadcom, kwa hiyo usishangae majina. Ya kawaida sokoni ni 9211-8i yenye chipu ya SAS2008, ambayo pia ilivaa nembo za wengine: IBM M1015, Dell H200 na H310. Njia nane za PCIe, diski nane bila mgawanyo wowote. Mdogo wake mwenye nguvu zaidi ni 9207-8i. Kama una ndoto ya kufika diski kumi na mbili, hiyo ndiyo njia, na nitakusifu.

Lakini kwa studio yako leo siipendekezi, na sababu yangu ya kwanza ni joto. Kadi hizi zilizaliwa ndani ya seva zenye feni zinazopiga kelele kama ungo wa kupepetea mchele, upepo unapita juu ya hitisinki muda wote. Ukiitia kwenye boksi la kompyuta ya mezani lenye feni moja mgongoni, chumba cha Ujiji, dirisha limefungwa kwa ajili ya vumbi, chipu yake inachoma kidole. Inafanya kazi mpaka saa nane usiku, kisha kadi nzima inatoweka na diski zote kwa pamoja, na kwenye dmesg unakuta mstari wa mpt2sas_cm0 wenye neno "fault_state". Asubuhi imepoa, inawaka. Utasema ni ugonjwa uleule wa zamani umerudi, kumbe ni mwingine. Anayeifunga lazima aifungie feni yake, hata ya milimita 40, iliyobanwa kwa tai za plastiki juu ya hitisinki. Mimi hubadilisha na pesti yake ya kupitisha joto, maana ya miaka kumi imeshakauka ikawa unga.

Sababu ya pili ni mambo yanayoizunguka. Lazima iwe na programu ya ndani ya aina ya IT, ile inayoifanya tarishi, badala ya IR ya RAID. Na toleo lake liwe 20.00.07.00, kwa kuwa yale ya mwanzo ya namba 20 yalikuwa na makosa yake. Kuigeuza mwenyewe kunawezekana, ila kuna hatua ya kufuta kabla ya kuandika, na umeme ukikatika hapo katikati kadi imebaki pambo. Waya wake ni wa SFF-8087 unaogawanyika kuwa vichwa vinne vya SATA, na unauzwa wa aina mbili zinazofanana kwa sura: wa kutoka kwenye kadi kwenda kwenye diski, na wa kinyume. Ukipewa wa kinyume hakuna diski itakayoonekana, na utailaumu kadi bure. Nimeona mtu akirudisha kadi nzima mpaka Dar kwa kosa la waya. H310 nayo kwenye baadhi ya mazabodi za kawaida huizuia kompyuta isiwake kabisa mpaka uzibe pini za B5 na B6 za kadi kwa kipande chembamba cha selotepu. Si utani, ndiyo dawa yake. Na Red Hat ilipotoa toleo la 8 mwaka 2019 iliitoa SAS2008 kwenye orodha ya kadi inazozitambua, kwa hiyo anayejenga kwa mfumo wa ukoo huo anaweza kuwasha asione kitu. Wewe wa TrueNAS hilo halikuhusu.

Na ukitangaziwa kadi ya SAS ya bei ya kutupa, uliza chipu. Ikiwa SAS1068E, achana nayo: ni ya zamani, haivuki terabaiti 2 kwa diski, na zako ni za 4.

Siku ya kuibadilisha kadi, anza kwenye ukurasa wa TrueNAS kwa kuitoa puli mpya kwa utaratibu. Hapo pana kisanduku kinachouliza kama uharibu data iliyomo. Usikitie tiki. Nakuandikia kwa sababu vidole vya mtu aliyechoka hutia tiki kila kisanduku anachokiona. Zima, chomoa waya wa ukutani, badilisha kadi, chomeka diski kwa mpangilio wowote unaokujia, washa, kisha iingize puli upya. Diski zitajitambulisha zenyewe. Futa hesabu za makosa ya zamani kwa zpool clear na jina la puli, ili utakachokiona baada ya hapo kiwe cha kadi mpya.

Jumapili usiisubiri. Anzisha ukaguzi wewe mwenyewe asubuhi ya siku isiyo na harusi, kwa zpool scrub na jina la puli, ukiwa umekaa hapohapo. Dirisha moja acha dmesg -w ikienda, lingine rudia zpool status kila baada ya muda. Gusa hitisinki ya kadi kila saa. Zile namba za 199 ulizoandika kwenye karatasi zisome mwanzo na mwisho. Ikimaliza bila kuongeza hata moja, na safu ya makosa ya kila diski ina sifuri, puli ni ya kufanyia kazi. Ikiongeza kwenye diski moja, una waya wa kubadilisha. Na ikiwa kuna faili ambalo ZFS itakutajia kwamba limeharibika moja kwa moja, hilo liliumia kwenye zile usiku mbili au siku ile ya kuhamisha. Folda za mwaka jana angalia kama bado ziko kwenye puli ya zamani kabla hujazifuta kule.